Mara Tatu Mlima Chamundi: Makosa Yangu kwenye Ngazi Elfu Moja za Mysuru

Picha ya kwanza niliyotuma nyumbani kutoka Mlima Chamundi ilikuwa ya adui. Nilisimama chini ya sanamu kubwa ya jitu lenye masharubu, upanga mkono wa kulia, nyoka mkono wa kushoto, rangi zinawaka juani. Nikatabasamu, nikaituma kwenye kundi la familia na maneno haya: "Huyu ndiye mungu wao wa Mysuru." Mjomba alijibu kwa astaghfirullah tatu, shangazi akauliza kama ninakula vizuri. Ilichukua miezi mitatu kujua kwamba yule niliyepiga naye picha ndiye aliyeuawa, na kwamba aliyemuua alikuwa ndani, hatua chache tu kutoka pale niliposimama.

Nilikuja Mysuru, kusini mwa India katika jimbo la Karnataka, kusoma shahada ya uzamili. Mimi ni Muislamu, mzaliwa wa Tanga. Mahekalu ya Kihindu sikuyaona India kwanza. Nilipokuwa nafanya kazi Dar es Salaam nilipita Kisutu karibu kila asubuhi, nikasikia kengele na kunusa udi, lakini sikuwahi kuuliza chochote. Bibi yangu aliwaita Mabaniani, na habari yao kwetu iliishia hapo. Kwa hiyo nilipopewa chumba cha hosteli ambacho dirisha lake lilitazama mlima wenye hekalu juu, mimi niliona mlima tu. Nikajiambia, Jumamosi moja nitaupanda, mazoezi.

Hilo la mazoezi ndilo lililoniponza.

Jumamosi yenyewe ilikuwa ya Aprili, na Aprili Mysuru ni joto la kukaanga. Nilikuwa na mwanafunzi mwenzangu, kijana wa Mwanza, na tulianza ngazi saa tano na nusu mchana, baada ya chai ya uvivu. Mji wa Mysuru wenyewe uko juu, kama mita 760 kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Chamundi kiko karibu mita 1,060. Ni mita 300 tu za kupanda, tulisema. Tulikuwa na chupa moja ya maji kwa watu wawili na ndizi sita kwenye mfuko wa plastiki unaoning'inia mkononi. Anayepajua pale ameshacheka. Tumbili wa mlima ule wanausoma mfuko wa plastiki kutoka mbali kama konda anavyomsoma abiria mwenye mizigo. Alishuka mmoja kutoka mtini, akaushika mfuko, tukavutana, mfuko ukapasuka, ndizi zikaenda. Ukipanda, chakula kiwe ndani ya begi lililofungwa zipu, na begi liwe mgongoni. Miwani pia iangalie.

Njia ya ngazi ni ya mawe, na sehemu ya chini ndiyo kali kuliko zote. Wengi husema ni ngazi 1,000. Mimi nilihesabu mpaka 340 nikapotea. Zilichongwa katika karne ya 17, zama za Dodda Devaraja Wodeyar, mfalme wa Mysuru aliyetawala kuanzia 1659 hadi 1673. Siku ile sikulijua hilo wala sikulijali. Nilichokijua ni kwamba mapaja yanawaka na kwamba mabibi wenye sari, peku, walikuwa wakinipita.

Kwenye ngazi ya 700 hivi unamkuta Nandi, ng'ombe dume wa mawe aliyelala, kipando cha mungu Shiva. Amechongwa kwa jiwe moja, kimo chake karibu mita 5 na urefu mita 7 na nusu, shingoni kavishwa mikufu na kengele zilizochongwa kwa jiwe lilelile. Ni mweusi ti, na weusi huo unatokana na mafuta anayopakwa miaka na miaka. Watu walikuwa wakimzunguka. Nami, kwa heshima, nikaona nizunguke. Nilivua viatu, nikaanza, na baada ya hatua nne nikagundua kwamba kila mtu ananijia usoni. Nilikuwa nimeshika njia ya tawafu! Mwili wangu tangu utotoni umeona kwenye televisheni watu wakiizunguka Al-Kaaba ikiwa kushotoni mwao, ukadhani kila kuzunguka duniani ni huko. Wahindu huzunguka saa inavyokwenda, kitu kitakatifu kikae mkono wa kulia. Bibi mmoja alinishika mabega bila kusema neno, akanigeuza kama mtoto anayefundishwa kusimama kwenye safu, akaendelea na dua zake. Niliona haya, lakini mguso ule ulikuwa wa upole kuliko maelezo yoyote.

Tulifika juu saa nane na robo. Hekalu lilikuwa limefungwa saa nane. Ratiba ya siku za kawaida, ambayo tungeweza kumuuliza hata mlinzi wa hosteli, ni hii: hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi hadi saa nane mchana, kisha saa tisa na nusu hadi saa kumi na mbili jioni, na tena usiku saa moja na nusu hadi saa tatu. Siku za sherehe hubadilika. Maji yalikuwa yameisha, sakafu ya mawe iliunguza nyayo, tukapiga ile picha na jitu tukageuka. Kwa ubahili tukashuka kwa miguu. Dereva wa bajaji (wao huziita "auto", ingawa ndio waliotuletea jina la bajaji) alitaka rupia 500 na tulimwona mwizi. Siku tatu zilizofuata nilishuka ngazi za hosteli kinyumenyume, nimeshika ukuta, huku nikizipigia hesabu zile rupia 500. Kupanda huumiza mapafu na hupita; kushuka huumiza magoti, na magoti hayasahau.

Mara ya pili sina mengi ya kusema, maana nilifanya kosa moja tu ila lilikuwa kubwa. Nilikwenda Ijumaa ya Julai. Kwa kalenda yao ule ulikuwa mwezi wa Ashada, ambao watu wengi hawafungi ndoa wala hawaanzi jambo jipya, lakini Ijumaa zake ni za mungu wa kike Chamundeshwari, mwenye hekalu lile la mlimani, na siku yake ya kuzaliwa huadhimishwa mwezi huohuo. Magari binafsi yalizuiwa chini, watu wakapandishwa kwa mabasi. Foleni ilianza mbali, ikapinda, ikapotea, ikatokea upande mwingine. Nilisimama saa nne nzima nikiwa katikati ya familia iliyobeba mtoto mchanga, nazi na mashada ya maua, kisha nikajitoa kwa sababu nilihitaji choo na nisingeweza kurudi nafasi yangu. Hasara: siku nzima na mtandio uliochanwa na kingo za chuma. Faida: nilionja wingi wa mapenzi ambayo mji ule unayo kwa yule aliye ndani. Kama wewe ni mgeni unayetaka kuona na kuuliza, usiende Ijumaa za Ashada wala siku kumi za Dasara, sherehe kubwa ya mji. Hata Jumanne na Ijumaa za kawaida huwa na watu kuliko siku nyingine.

Usiku ule nilimsimulia jirani yangu wa hosteli. Ni binti wa wakulima wa miwa kutoka Mandya, amenizidi miaka miwili, nami nimezoea kumwita akka, dada mkubwa. Alicheka mpaka akakaa chini. Alipoona ile picha ya Aprili kwenye simu yangu, alicheka upya. "Umepiga picha na Mahishasura," alisema. "Huyo ndiye Amma alimuua." Amma, yaani mama, ndivyo wanavyomwita Chamundeshwari.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma mlima kabla ya kuupanda, jambo nililopaswa kulifanya miezi mitatu nyuma.

Mahishasura, kwa masimulizi yao, alikuwa jitu lenye umbo la nyati, aliyepewa ahadi kwamba hakuna mwanamume atakayeweza kumuua. Akawaonea watu na miungu. Mwanamke hakumwingiza kwenye hesabu, na mwanamke ndiye aliyekuja: alipigana naye usiku tisa, siku ya kumi akamshinda. Siku hiyo ya kumi ndiyo kilele cha Dasara, ambapo sanamu ya Chamundeshwari hutembezwa mjini juu ya tembo, ndani ya kiti cha dhahabu chenye uzito wa kilo 750. Na jina la mji lenyewe, Mysuru, linatokana na Mahisha. Mji umeitwa kwa jina la aliyeshindwa, na mlima kwa jina la aliyeshinda. Akka aliniambia pia kwamba si wote mjini wanaoisimulia hadithi hivyo. Wapo, hasa miongoni mwa Wadalit, watu wa tabaka linalodharauliwa, wanaosema Mahisha alikuwa mtawala mwema aliyepakwa matope na washindi, nao wana Dasara yao ya Mahisha, ambayo huleta ubishi kila inapokaribia. Nilifurahi kujua hilo kabla sijaanza kujifanya mjuzi mbele ya watu.

Historia ya kwenye karatasi nayo ina mikunjo. Hekalu la kwanza la Chamundeshwari linadhaniwa kuwa la karne ya 12, wakati wa watawala wa Hoysala. Ila pembeni yake lipo hekalu dogo la Mahabaleshwara, la Shiva, ambalo ni kongwe zaidi. Mlima wote uliwahi kuitwa kwa jina lake. Wafalme wa ukoo wa Wodeyar, walioanza Mysuru mwaka 1399, walimfanya Chamundeshwari mlinzi wa nyumba yao, na mlima ukapanda cheo pamoja nao. Baadaye Hyder Ali na mwanawe Tipu Sultan wakashika madaraka, mpaka Tipu alipouawa na majeshi ya Waingereza huko Srirangapatna, tarehe 4 Mei 1799. Waingereza wakamrudisha kitini mtoto wa miaka mitano, Krishnaraja Wodeyar wa Tatu. Mtoto huyo alipokuwa mtu mzima ndiye aliyelikarabati hekalu mwaka 1827 na kujenga mnara wa lango unaouona leo, ghorofa saba, uliojaa sanamu. Kwa hiyo mnara niliouona kutoka dirishani, nikaudhania wa kale kupindukia, umri wake hauko mbali na majumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Akka alikuwa na nadhiri. Mama yake alifanyiwa upasuaji mwaka uliotangulia, naye aliahidi kwamba mama akipona, atapaka manjano na kumkuma, ile poda nyekundu, kwenye kila ngazi kuanzia ya chini hadi ya juu. Mama alipona. Aliniuliza kama nitamsindikiza. Nilikubali, kisha usiku sikulala vizuri.

Niseme wazi, kwa sababu najua kuna atakayesoma akiwa na swali hilihili. Je, Muislamu aingie? Ale kinachotolewa? Apakwe rangi kwenye paji la uso? Hili kila mtu atalipima na dini yake na anaowaamini. Mimi niliamua kwenda kama mgeni anavyokwenda kwenye nyumba ya watu, kutazama na kuheshimu bila kuabudu, na nilimwambia akka mapema. Hilo la kumwambia mapema ndilo jambo pekee nililolifanya sawa katika safari zote tatu. Alisema, "Sawa, basi wewe utabeba maji."

Tuliahirisha kwa wiki moja kwa sababu siku aliyopanga zilimkuta siku zake, na kwa desturi ya kwao mwanamke hapandi hekaluni akiwa hivyo. Alilisema kwa aibu, akidhani nitamshangaa. Nikamwambia nasi tuna yetu kuhusu hedhi na msikiti, tukacheka. Ukiwa unapanga safari na rafiki wa Kihindu, acha nafasi kwenye ratiba yako, usimbane.

Ilikuwa Novemba, Jumatano. Tulipanda basi la mwanzo mpaka karibu na mguu wa mlima. Yeye hakulipa nauli: tangu Juni 2023 serikali ya Karnataka huwapandisha bure wanawake wa jimbo hilo kwenye mabasi yake ya kawaida. Mimi mgeni nililipa. Saa kumi na moja na nusu alfajiri tulikuwa kwenye ngazi ya kwanza, hewa ya baridi, mbwa wawili na muuza maua. Maua yenyewe ni asumini; Mysuru ina aina yake inayosifiwa, na wanawake huiweka nyweleni. Nilinunua uzi mmoja nikaushikisha kifuani kama kikuba, muuzaji akaniangalia, akka akamweleza kitu, akaongeza uzi wa pili bila bei.

Kisha akainama. Manjano kwa vidole vitatu, mistari miwili mitatu kwenye jiwe. Nukta ya kumkuma juu yake. Kuinuka, hatua, kuinama. Ngazi ya pili. Ngazi ya tatu. Fikiria rakaa elfu moja bila salamu. Nilidhani atachoka kwenye ngazi ya 100. Kwenye ya 100 jasho lilikuwa linadondokea manjano na hakuwa amesema neno. Mimi niliyeleta viatu vya mazoezi nilikuwa nyuma yake nikibeba maji, nikaona jinsi ngazi zenyewe zilivyo: kila moja ilikuwa na tabaka za wekundu wa zamani, wa jana, wa mwaka jana, nadhiri za watu wengine juu ya nadhiri. Aprili nilizikanyaga zote nikidhani ni uchafu.

Karibu na ngazi ya 300 nilimwomba apumzike. Akasema, "Nidhana," yaani polepole, na sikujua anajiambia mwenyewe au mimi. Bibi mmoja aliyekuwa akishuka alisimama, akachota kumkuma kwenye kopo la akka, akapaka ngazi mbili kwa niaba yake, akaenda zake. Nilimuuliza akka kama hilo halivunji nadhiri. Akanitazama kama niliyeuliza kama msaada unavunja saumu.

Mambo ya vitendo ya siku ile: poda hizo hazitoki. Nilijifunga kanga nyeupe yenye maua ya bluu, na hadi leo ina ramani ya njano kwenye pindo. Vaa rangi nzito, nguo ya kufunika mabega na magoti. Maji lita moja na nusu kwa mtu yanatosha alfajiri. Beba noti ndogo, kwa sababu anayetunza viatu juu hana chenji ya rupia 500. Kwa Nandi safari hii nilizunguka upande sahihi, na nikaona nyuma yake kuna kijihekalu cha Shiva ndani ya jiwe ambacho Aprili sikukiona. Baada ya Nandi mteremko unalegea, na unaweza kuinua macho; jumba la mfalme linaonekana chini, kwa mbali.

Tulifika saa tatu kasoro. Kulikuwa na foleni ya bure na foleni za tiketi, wakati ule rupia 30 na rupia 100. Akka alikataa tiketi, akasema hakupanda hivi ili apite mlango wa mkato. Tulisubiri dakika arobaini. Kupiga picha ndani hairuhusiwi, na mlinzi hakufanya mzaha. Ndani kuna giza la mafuta na moshi, milango ya fedha, na sanamu ya mfalme Krishnaraja wa Tatu amesimama na wake zake watatu, kama wanaongoja zamu yao. Chamundeshwari mwenyewe ni mdogo kuliko nilivyotarajia, amekaa, mikono minane, amezikwa na maua kiasi kwamba unaona macho zaidi ya kitu kingine. Wao husema wanakwenda darshani, kuonana: unamwona naye anakuona. Ilidumu labda sekunde nne. "Hogi, hogi," mlinzi alisema, endeni, na mkondo ukatusukuma nje. Akka alikuwa analia.

Kuhani alipokuja na sinia la moto na kumkuma, niliunganisha viganja kifuani na kuinamisha kichwa kidogo. Alielewa, akanipita, akaenda kwa mtu wa pili. Prasadi, chakula kilichobarikiwa, niliipokea kwa mkono wa kulia nikampa akka, aiunganishe na ya mama yake. Kosa langu la mwisho lilikuwa kutaka kuipokea kwa kushoto kwa kuwa kulia nilishika chupa. Mtoto wa Kiswahili, jamani.

Kabla ya kuondoka tuliingia hekalu la Mahabaleshwara, lile kongwe. Hakukuwa na foleni. Kulikuwa na kuhani mmoja anasoma gazeti na paka. Tulikaa pale kwenye jiwe la baridi nusu saa, na kama ningeambiwa nichague sehemu moja ya mlima mzima ya kurudi, ni hiyo.

Tulishuka kwa basi. Magoti yangu hayana la kulalamika. Ndani ya basi akka alimpigia mama yake, wakaongea Kikannada muda mrefu, kisha akanipa simu nimsalimie. Sikuwa na maneno zaidi ya namaskara, naye akanijibu kwa mengi ambayo sikuyaelewa.

Nilipofika hosteli niliifuta ile picha ya Aprili kwenye kundi, nikaandika kwamba nilikosea, yule hakuwa mungu. Mjomba akauliza papo hapo: "Sasa yule alikuwa nani?" Nikamtumia ujumbe wa sauti wa dakika saba. Alijibu kesho yake, akitaka kujua kama nyati huyo alikuwa wa kufugwa au wa porini.